Fundi wa paa aliyeniambia nisubiri, na milioni mbili na nusu zilivyoniacha hapa Isyesye

Naanza na hela maana najua ndo kitu cha kwanza mtu anachotaka kujua. Kutengeneza paa lililovuja, dari na ukuta, jumla imeniondoka shilingi 2,465,000 na hapo kabati la nguo sijalihesabu wala godoro la wageni. Kati ya hizo, 480,000 nilizitupa kabisa kwa fundi wa kwanza, zilizobaki 1,985,000 ndo za fundi wa pili ambaye leo nataka nimwelezee, mazuri yake na mabaya yake, maana yapo yote.

Nyumba yetu iko Isyesye hapa Mbeya mjini, ni hizi za kisasa zenye paa la kuficha, yaani ukuta umepanda juu umezunguka bati lote, ukiwa barabarani unaona boksi tu zuri halina bati. Tuliipenda kwenye simu kwanza kabla ya kuipenda kwenye kiwanja, ukweli ndo huo. Mama mkwe wangu anatoka Tukuyu, kule mvua hawaihesabu kwa siku wanahesabu kwa siku ambazo haijanyesha, siku ya kwanza anakuja kuona nyumba alisimama getini akaangalia juu weee, akauliza "sasa bati mmelificha mnamuonea aibu nani?" Tukacheka. Mume wangu ndo alicheka zaidi. Mwenzenu leo sicheki.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka jana, baba watoto yuko safari ya Zambia na gari, mimi na watoto wawili nyumbani. Ikaja mvua ya mawe ile ya jioni, waliokulia Mbeya wanaijua, inapiga bati mpaka hamsikilizani. Mawe yakajaa kwenye gata la ndani, yaani ule mfereji wa kukusanya maji ya paa, nyuma ya ule ukuta, na majani ya mti wa jirani yalikuwepo humo tangu lini sijui, bomba la kutolea maji likaziba. Maji hayana pa kwenda, yakapanda, yakavuka ukingo wa gata yakaingia ndani ya dari. Kwanza nikaona doa kama sahani hivi pale chumba cha watoto, nikaweka beseni. Nusu saa baadae dari limeshuka tumbo, na taa ile ya kuzama kwenye dari imejaa maji kama glasi ya juisi huku inawaka! Hapo nilikimbilia swichi kubwa nikazima nyumba nzima, na hiki ndo kitu pekee nilichofanya sawasawa mwezi ule wote. Dari likaanguka saa mbili usiku, bodi za jipsam nne na ushee, na uchafu wote wa juu, juu ya kitanda ambacho nashukuru Mungu watoto nilishawatoa.

Sasa fundi wa kwanza. Jina sitaji. Aliletwa na shemeji, na mnajua fundi wa kuletwa na shemeji huwezi kumuuliza maswali mengi. Akapanda juu dakika kumi, akashuka akasema "hapa ni silikoni tu bosi." Akapaka silikoni, ile gundi ya kuziba nyufa, kwenye maungio, akarudishia jipsam, akaskimu ukuta, yaani kuulainisha kwa unga kabla ya rangi, akapiga rangi, siku tatu kamaliza, 480,000. Na mvua bado zinanyesha nje. Ukuta nikiushika bado wa baridi una unyevu, nikamuuliza mbona umelowa, akaniambia niwashe jiko la mkaa nifunge mlango na madirisha usiku mzima utakauka wenyewe.

Naomba nisimame hapa kidogo. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usiwashe, iwe kwa kukausha ukuta iwe kwa kuota, ile hewa yake haina harufu na haina rangi, unalala hauamki. Huku kwetu kwa hii baridi watu wanaingiza jiko chumbani kila mwaka na kila mwaka kuna msiba wa hivyo. Mimi sikuwasha, sio kwa akili nyingi, mkaa ulikuwa umeisha tu.

Wiki mbili hazikuisha rangi ikaanza kutoa malengelenge. Ukibonyeza yanatoka maji. Halafu chini ukutani ikaja ile chumvi nyeupe kama unga wa sembe, na nyuma ya kabati, nimesogeza kutafuta kiatu cha mtoto, nakuta ukungu mweusi umepanda mpaka kiunoni. Kabati lenyewe la MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa, limevimba miguu kama mtu mwenye presha. Mtoto mdogo kikohozi hakiishi. Mvua nyingine ikaja, dari jipya likavuja palepale. Nampigia fundi, anasema yuko saiti Chunya. Wiki inayofuata yuko saiti Chunya. Nadhani mpaka leo yuko Chunya anachimba dhahabu kwa hela zangu.

Huyu wa pili nilimpata kwa muuza mabati kule Mwanjelwa, nilienda kuuliza bei ya bati jipya maana nilishaamini tatizo ni bati, muuzaji badala ya kuniuzia akaniambia "mama usinunue kitu, muite kwanza huyu kijana aangalie." Duka la kukataa hela sijawahi kuliona, nikaona huyu lazima ana maana. Kijana mwenyewe kaniomba nisiweke jina wala namba, anasema simu zikizidi anashindwa kazi, anayemtaka aulize kwa wauza mabati wale wa Mwanjelwa, watamwelekeza.

Kuja kuangalia tu anachukua 30,000, ila ukimpa kazi anaikata kwenye bili. Nilinuna, nimezoea fundi anakuja bure. Lakini alichofanya kwa hiyo elfu thelathini fundi wa kwanza hakufanya kwa laki nne na themanini. Alisubiri siku isiyo na mvua, akaziba bomba la gata na tambara, akaomba mpira wa kumwagilia bustani, akaanza kujaza maji kipande kwa kipande, kipande kimoja nusu saa, mwenzake yuko ndani ya dari na tochi anapiga kelele "bado… bado… hapahapa!" Asubuhi nzima. Kumbe bati lilikuwa zima kabisa. Maji yalikuwa yanaingia sehemu mbili, moja ni pale bati linapokutana na ukuta, ile flashingi, kipande cha kuziba hayo maungio, ilibandikwa juu ya lipu bila kuchimbiwa ndani, kwa hiyo maji yakipanda yanapita nyuma yake. Ya pili ni juu ya ule ukuta wenyewe, umeachwa wazi una nyufa, unakunywa maji kutoka juu kama sponji na kuyateremsha ndani taratibu. Ndo maana ukuta wangu ulikuwa unalowa hata siku dari halivuji.

Halafu akanifanyia hesabu ambayo naikumbuka mpaka leo, akaichora kwa mkaa kwenye tofali. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lako mama ni mita za mraba kama 120. Mvua kubwa ya milimita 40 hiyo ni lita 4,800, karibu simtanki tano za lita elfu moja, na zote umeziambia zipite kwenye bomba moja la inchi mbili. Bomba la inchi nne mdomo wake ni mara nne ya hilo. Nikabaki kimya. Wakati wa kujenga tofauti ya bei ya hayo mabomba ilikuwa hela ya kula nyama choma watu wawili pale Kabwe.

Kazi ya juu alinipigia hivi. Membreni, yaani shuka la lami la kubandika kwa kuchoma na gesi, roli tatu za mita kumi, moja 185,000, kwa hiyo 555,000, ziliagizwa Dar zikaja na basi. Prima yake, ile ya kupaka kwanza ili ishike, 60,000. Mabomba ya inchi nne na viungo vyake 95,000. Ufundi na gesi 350,000. Jumla 1,060,000. Alichimba mfereji kwenye ukuta akaingiza ukingo wa membreni ndani akafunga na saruji, akapandisha mpaka juu ya ukuta akaufunika wote, akarekebisha mteremko wa gata maana lilikuwa na sehemu maji yanalala, akaweka matoleo mawili ya inchi nne badala ya lile moja. Na kitu ambacho sikuwahi kukisikia, akatoboa ukuta wa mbele akaweka bomba la dharura, liko chini kidogo ya usawa wa flashingi. Akasema "ukiona hili linamwaga maji nje mama, ujue huko chini kumeziba, panda ukasafishe." Linaharibu sura ya mbele ya nyumba kiasi, mume wangu alilalamika kwa simu akiwa Tunduma, nikamwambia njoo ulale sebuleni na sisi halafu tuongelee sura.

Maana tulilala sebuleni, na hapa ndo ugomvi wangu na huyu fundi ulipo. Kazi ya juu ilikwisha mwezi wa nne mwanzoni. Nikamwambia sasa ingia ndani umalizie, akakataa. Kabisa. Akabandua ile skimu na rangi ya mwenzake yote, akakwangua lipu lililooza kuanzia sakafuni mpaka kama mita moja kwenda juu, akaacha tofali uchi, akatoa jipsam zote zilizolowa, akaniambia tutaonana mwezi wa sita. Nilijua amekimbia na yeye! Nilimpigia nikiwa na hasira, nikamwambia na wewe unaenda Chunya? Akacheka, akanieleza kwamba ukuta uliolowa mpaka ndani unakauka kama inchi moja kwa mwezi, wa kwangu ni tofali la inchi sita unakauka pande zote mbili, hapo nihesabu mwenyewe. Na mvua zetu huku zinaendelea mpaka mwezi wa tano, hewa yenyewe imejaa maji, ukuta utampa nani unyevu wake? Mwezi wa sita ukianza ule upepo mkavu wa baridi, hata kama wewe unatetemeka ukuta unakauka. Nifungue madirisha mchana, nifunge usiku, nisisogeze kitu chochote karibu na ukuta.

Akanipa na kipimo, hiki wala hakina gharama. Unachukua nailoni safi, kipande kama cha daftari, unakibandika ukutani kwa tepu ya karatasi pande zote nne kisipitishe hewa, unakiacha mpaka kesho yake. Ukikuta ndani kuna ukungu wa maji au matone, ukuta bado. Mwezi wa tano matone. Mwezi wa sita katikati kaukungu kadogo kwa chini. Tarehe za mwanzo wa mwezi wa saba nailoni kavu kama ilivyotoka dukani, nikapiga picha nikamtumia, kesho yake saa nne yuko getini. (Alisema saa mbili. Huwa anasema saa mbili.)

Ukungu alitusafishia kwanza kwenye kuta zilizobaki na lipu, Jik (ile dawa ya kung'arisha nguo) na maji, amevaa barakoa, madirisha wazi, na akamfokea msaidizi wake aliyetaka kuongezea dawa ya choo ili "iue zaidi." Usichanganye hivyo viwili jamani, vinatoa gesi ya klorini, hiyo haiui ukungu inakuua wewe.

Ndani ilikuwa hivi: jipsam bodi saba kwa 22,000 ni 154,000, unga wa jipsam na skrubu na tepu 70,000, mbao za dari zilizooza 45,000. Fundi umeme 40,000 na waya na holda 35,000, huyu nilitaka nimruke maana taa zilikuwa zinawaka vizuri tu, fundi akasema harudishii dari bila umeme kukaguliwa, na kweli kwenye kiboksi kimoja waya umeshika kutu na umeungua ungua. Saruji mifuko mitatu kwa 17,000 ni 51,000, mchanga 40,000. Rangi na prima yake ya kuzuia chumvi 210,000. Ufundi 280,000. Jumla 925,000. Ukijumlisha na ya juu unapata ile 1,985,000, na ile 30,000 ya kwanza ikiwa imeshakatwa humo kwenye ufundi.

Nilijaribu na habari ya bima, nisiwafiche. Nyumba haikuwa na bima, ila nilienda kuuliza kwa ajili ya mbele ya safari. Dada wa pale akanielewesha vizuri kwamba bima ya nyumba kwa kawaida inaangalia jambo la ghafla, bomba limepasuka, dhoruba imeezua, moto. Maji yaliyokuwa yanapenya taratibu kwa sababu nyumba ilijengwa vibaya au haikutunzwa, hiyo kwa kawaida hawalipi. Kwa hiyo hata ningekuwa nayo, ile ya mawe labda tungebishana, ile ya ukuta kunywa maji kutoka juu wangenicheka.

Mabaya yake sasa. Moja, kuchelewa nimeshasema. Mbili, anataka asilimia sabini mkononi kabla hajashika kitu, na risiti anakuandikia kwenye kipande cha mfuko wa saruji, ilibidi ninunue daftari mwenyewe nimwambie andika hapa weka sahihi. Tatu, na hii imeniuma, lami ilidondoka kwenye vigae vya kibarazani, matone kama ishirini, vigae vyenyewe vyeupe, nikamwonyesha akasema inatoka. Imetoka nusu, nimesugua na mafuta ya taa mpaka kucha zimeisha. Nne, msaidizi wake anapiga muziki kwenye spika kuanzia anafika mpaka anaondoka na ni nyimbo nne tu zinazunguka.

Mvua zikaanza mwezi wa kumi na moja. Mvua ya kwanza kubwa sikulala, nilikuwa natembea na tochi naangalia dari kama mlinzi. Kavu. Ya pili kavu. Mwezi wa kumi na mbili nikaona kidoa kwenye korido, ukubwa wa sarafu, moyo ukapiga paa, nikampigia, akaja siku ileile (saa kumi badala ya saa sita lakini alikuja), akapanda, akashuka na skrubu mkononi. Jamaa wa dishi alikuwa amepanda wiki moja kabla kuhamisha dishi akatoboa membreni yangu ya laki moja na themanini na tano ili afungie mguu. Akaziba, hakuchukua hata mia, nikampa parachichi ndoo moja na chai.

Na wiki iliyopita usiku nikasikia maji yanamwagika mbele ya nyumba kwa kishindo kama mtu anamwaga ndoo, nikachungulia dirishani, lile bomba la dharura linatema. Ndani kukavu kabisa. Asubuhi baba watoto ambaye safari hii alikuwepo akapanda na ngazi, akatoa majani ya mti wa jirani ndoo mbili na nusu na mpira wa mtoto. Hajasema tena kuhusu sura ya nyumba.

Kama unamtaka huyu kijana usimtafute mwezi wa pili na wa tatu, kipindi hicho kila mwenye paa la kuficha kuanzia Uyole mpaka Iyunga anamtafuta na bei inapanda. Mtafute mwezi wa nane wa tisa, kukavu, ana nafasi, na utambana kwenye bei. Mimi nampa nyota nne kwa tano. Ile ya tano nimempelekea picha ya vigae, tunasubiriana.